Kumpima kwotabeki, usitizame retingi peke yake

Yakhe, sie tunaokesha Jumapili usiku hapa Michenzani na futboli ya Marekani tumezowea kusoma namba zinazopita chini ya skrini, mtu akiona retingi, yaani alama za urushaji pasi, ni ndogo basi ashasema kwotabeki, yule mrusha mpira, mbovu. Sivyo. Ile retingi ya NFL (ligi yao kuu), mwisho wake 158.3, inahisabu vitu vinne tu: pasi zilodakwa, yadi kwa kila pasi, tachidauni (pasi zilizozaa bao) na pasi zilizoibiwa na wapinzani. Mpira ukimponyoka mdakaji, retingi haijui, inamkata kwotabeki.

Chukua daftari, kila pasi andika mpira umefika wapi: kifuani, mbele yake akiwa mbioni, au nyuma mpaka akajipinda kuufata? Ukimgonga viganjani ukaanguka, hilo mwandikie mdakaji. Na pasi ya yadi 3 mdakaji akakimbia nao 60, kwotabeki anaandikiwa 63 zote, mie hapo namsifu alokimbia.

Mdakaji mtizame kabla mpira haujarushwa, kamwacha mlinzi wake hatua ngapi? Kamera mara nyingi inamfata kwotabeki, kwahiyo subiri marudio, hapo ndo utaona nani alikuwa wazi akanyimwa.