Kabla Hujalipia Dawa ya Ng'ombe Mnadani

Siku ya mnada utamkuta muuzaji wa dawa ametandika turubai, chupa zimepigwa jua tangu asubuhi. Mfugaji anaeleza shida yake kwa nusu dakika, muuzaji anampa OTC, yaani antibaiotiki ya oksitetrasaiklini. Homa, OTC. Kukohoa, OTC. Ng'ombe amegoma kula, OTC hiyo hiyo. Ndugu mfugaji, hapo ndipo mifugo yetu inapoishia.

Tazama ndigana, magonjwa yanayoletwa na kupe. Ndigana baridi inatibika kwa OTC. Ndigana kali, ile inayovimbisha mitoki chini ya masikio na mbele ya bega, ikishashika inataka dawa nyingine, buparvakwoni, tena mapema. Anayechoma OTC peke yake huku akisubiri nafuu, mara nyingi huishia kuchuna ngozi. Na huenda dawa ilikuwa nzima kabisa, ila ni ya ugonjwa mwingine.

Ndiyo maana Tanzania ina Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, iliyounda Baraza la Veterinari ili lisajili madaktari wa mifugo na kuandikisha wataalamu wasaidizi. Dawa zenyewe husajiliwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Basi anayekuja zizini na bomba la sindano muulize usajili wake, hata kama ni jirani unayemheshimu. Dukani nako ulizia kibali.

Chupa ishike, uisome: namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, asilimia ya dawa. OTC ya asilimia 10 na ya 20 hazina nguvu sawa. Uzito wa mnyama usiukisie kwa macho, pima kifua kwa utepe wa kukadiria uzito. Akisimama na kuanza kula usikatishe dozi. Chanjo nyingi hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi. Ikitolewa kwenye droo, iache.

Halafu maziwa. Lebo hutaja siku za kusubiri kabla ya kuyauza au kuyanywa, na hili tunalipuuza mno. Watengeneza mtindi huligundua pale maziwa yenye antibaiotiki yanapogoma kuganda. Mtoto anayepewa kikombe asubuhi hana njia ya kujua.

Dai risiti yenye jina la dawa na namba ya toleo, uibandike kwenye daftari la zizi pamoja na tarehe ya sindano. Ng'ombe akizidiwa usiku, daktari ataanzia hapo.