Somo: Barbie wa zamani ananata na masikio yamegeuka kijani, ufanyeje?

Kunata kwa mwanasesere wa zamani si uchafu, ndiyo maana kumsugua kila wiki kunamharibu zaidi. Barbie wa kampuni ya Mattel, aliyezinduliwa New York Machi 1959, alitengenezwa kwa plastiki ya PVC, iitwayo pia vinaili. PVC yenyewe ni ngumu. Ili iwe laini huchanganywa na vilainishi vya majimaji, mara nyingi vya jamii ya fthaleti, na vinaweza kufikia theluthi ya uzito wote. Vilainishi hivi havishikamani na plastiki, vimejibanza tu ndani yake. Miaka ikipita vinatoka juu: miguu inang'aa, inanata, vumbi linaganda, kisha plastiki inasinyaa na kukakamaa. Kilichokwisha kutoka hakirudi. Kazi yetu ni kupunguza kasi.

Hatua ya 1: Jua una plastiki gani. Sugua sehemu iliyofichika kwa kidole gumba hadi ipate joto, kisha nusa. Ukisikia harufu ya kafuri, hiyo ni seluloidi. Harufu ya siki ni selulosi asetati. Usichome kwa sindano ya moto kama wengine wanavyoshauri. Seluloidi hushika moto kwa kasi ya kutisha. Aina hizo mbili hutoa asidi, kwa hiyo ziondoe kwenye boksi la wanasesere wa PVC leo hii, uziweke penye hewa.

Hatua ya 2: Osha mara moja tu. Maji ya uvuguvugu nusu lita, matone mawili ya sabuni ya kuoshea vyombo, kitambaa laini cha pamba kilichokamuliwa. Usimloweke, maji yakiingia kichwani hukaa humo na kuleta ukungu. Spiriti usiitumie, kwani inavuta vilainishi zaidi kutoka ndani: ataonekana mkavu siku chache, kisha atanata upya. Asetoni ya kufutia rangi ya kucha inayeyusha uso wenyewe.

Hatua ya 3: Toa hereni. Hapa ndipo wengi wanapochelewa. Shina la hereni lina shaba, na shaba hiyo ikikutana na vilainishi na unyevu hutengeneza chumvi za kijani zinazopenya kwenye vinaili. Kadiri hereni inavyokaa, ndivyo duara la kijani linavyotambaa kuelekea shavuni. Pasha sikio kwa kikausha nywele, moto mdogo, umbali wa sentimita 15 hivi, mpaka vinaili ilegee. Vuta hereni moja kwa moja bila kuizungusha. Ukiizungusha tundu linachanika. Safisha tundu kwa kijiti cha pamba. Hereni zihifadhi kwenye kifuko chake, maana mnunuzi ataziulizia.

Hatua ya 4: Doa. Krimu ya chunusi yenye benzoili peroksaidi asilimia 10, ipakwe juu ya doa tu, ifunikwe kwa nailoni ya kufungia chakula, iwekwe penye mwanga. Badilisha kila siku. Inachukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki. Midomo, nyusi na nywele zisiguswe. Ukiona pembeni pameanza kupauka kuliko ngozi, acha hapo hapo: kijani kidogo kinavumilika, baka jeupe halifutiki. Shaba iliyozama ndani inaweza kupanda tena.

Hatua ya 5: Uhifadhi. Giza, nyuzi 18 hadi 20 ukiweza, unyevu karibu asilimia 50. Mfunge kwa karatasi isiyo na asidi. Nguo nyekundu au nyeusi mvue, rangi yake huhamia mwilini. Asilale juu ya boksi la plastiki ngumu ya polistairini, atalilainisha na kuganda nalo. Na hili huwashangaza wengi: PVC isiyotoa asidi haitaki upepo. Utafiti wa Yvonne Shashoua wa Makumbusho ya Taifa ya Denmark ulionyesha kwamba PVC ikifungiwa kwenye chombo kisichofyonza, kama kioo, vilainishi hutoka polepole zaidi.

Maswali ya wanachama

*Mombasa: Nikimpaka poda ya mtoto si ataacha kunata?*
Utaacha kuhisi kunata, basi. Poda inashikana na mafuta, inakuwa tope kwenye vidole na mikunjo ya magoti, na kuitoa ni kazi. Kwa joto la pwani, kabati la ndani lisilopigwa na jua litakusaidia kuliko poda.

*Muscat: Na friji je?*
Baridi inasaidia kweli, ila plastiki baridi hupasuka ukiikunja, na umande ni adui. Mfunge ndani ya karatasi, kisha mifuko miwili ya polithini isiyopitisha hewa. Ukimtoa, subiri siku nzima kabla ya kufungua.

*Nairobi: Barbie wangu wa toleo la kwanza ni mweupe kama chokaa. Nimpake rangi?*
Usithubutu. Vinaili ya matoleo ya mwanzo ilipauka yenyewe, na weupe huo ni mojawapo ya alama za kumtambua. Ukimpaka rangi unashusha bei. Tazama nyayo badala yake: toleo hilo lina matundu yenye mirija ya shaba, na kijani huanzia humo pia. Mirija usiing'oe, pangusa kwa kijiti kikavu na umweke mbali na unyevu.