Aljebra gani hasa mwanafunzi wa chuo anaihitaji kabla ya kuanza takwimu, na namna ya kumpa

Kama unafundisha chuo unawajua wanafunzi hawa, aljebra walisoma wakafaulu hivyo hivyo, sasa wanatakiwa waanze somo la takwimu na wanaingia darasani na hofu kabla hata hujafungua mdomo. Mi nimekaa nao muda mrefu na kitu nachowaambia walimu wenzangu ni kwamba usirudie aljebra yote, muda huo huna na wala hauhitajiki. Mambo ya kutafuta vigawo vya milinganyo ya kipeo cha pili, kugawanya polinomia, logi, weka pembeni kwanza. Kinachowaangusha ni kusoma fomula. Mtu akiitazama anaona mchoro, haoni kwamba pale ameambiwa aanze na nini afu afuate nini.

Kwa hiyo anzia hapo hapo. Wape namba tatu tu, 2, 4 na 6, andika ubaoni Σx² na pembeni yake (Σx)² afu waulize kama ni kitu kimoja. Wengi watakwambia ndio, na usiwasahihishe, waache wapige wenyewe. Ya kwanza inatoka 4 + 16 + 36 ambayo ni 56, ya pili ni 12 kwa kipeo cha pili, 144. Darasa linanyamaza kidogo hapo. Sasa ndo uwaambie ile Σ inayowatisha ni amri tu ya "jumlisha zote", na kwamba swali zima ni je, unajumlisha kabla ya kuzidisha namba kwa yenyewe au baada.

Na hapa ndo tatizo linaonekana limetoka wapi. Wengi tulikuzwa na MAGAZIJUTO, mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, na imetusaidia sana, ila angalia vizuri, vipeo havimo mule! Mwanafunzi anafika chuo hajawahi kuambiwa waziwazi kwamba vipeo na vipeuo vinakaa baada ya mabano na kabla ya kugawanya na kuzidisha. Halafu kwa kuwa JU imetangulia TO, kuna wanaopiga 10 − 4 + 3 wakapata 3, wakati kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa na unatembea kutoka kushoto kwenda kulia, jibu ni 9. Usilipitie haraka hili, usione kama unawashusha.

Kitu kingine ni mabano yaliyojificha. Mstari wa sehemu ni mabano, na paa la kipeuo nalo ni mabano. Chukua wastani 60, mchepuko sanifu (kipimo cha namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani) 8, mtu kapata 76, alama yake ya z, yaani yuko michepuko mingapi kutoka kwenye wastani, ni 76 toa 60, yote juu ya 8, inatoka 2. Mwanafunzi akiingiza kwenye kalkuleta 76 − 60 ÷ 8 anapata 68.5 na anaiandika bila wasiwasi! Wafundishe waandike (76 − 60) ÷ 8 kwenye karatasi kwanza ndo washike kalkuleta. Kwa kipeuo, √(9 + 16) ni 5, sio 3 + 4, rudia hii mpaka ikae.

Baada ya hapo wakokotoe mchepuko sanifu kwa mkono, mara moja au mbili inatosha, kwa zile zile 2, 4, 6. Safu ya kwanza x, ya pili x toa wastani ambao ni 4, ya tatu kipeo cha pili cha safu ya pili. Safu ya pili inatoka −2, 0, 2 na ya tatu 4, 0, 4. Jumla 8, gawanya kwa n − 1 (n ni idadi ya namba, hapa 3) ambayo ni 2, unapata 4, kipeuo chake 2, basi. Wape vitu viwili vya kujikagua: safu ya pili lazima ijumlishe sifuri (kama umekadiria desimali inaweza kupishana kidogo tu), na safu ya tatu haiwezi kuwa na hasi hata siku moja. Ukiona hasi ujue kalkuleta imeingiziwa −2² bila mabano ikatoa −4.

Kugeuza fomula pia wanahitaji, ila kidogo. Kutoka z mpaka x = 60 + 8z, waulize aliye chini ya wastani kwa michepuko 1.5 ana ngapi, ni 48. Halafu chukua kosa sanifu, yaani wastani wa sampuli unavyoweza kupishana na ule wa kweli, tuseme ni 20 ÷ √n ambapo n ni ukubwa wa sampuli, n ikiwa 25 unapata 4, ikiwa 100 unapata 2, sasa waulize sampuli iwe ya ukubwa gani ili ipatikane 1. Wengi watasema 200. Ni 400, na ukiwaacha wahangaike nayo wenyewe watakuja kuelewa vizuri kwanini kupunguza kosa kwa nusu kunataka sampuli mara nne.

Desimali usizidharau kabisa. Kuna mtu wa chuo atakwambia 0.012 ni kubwa kuliko 0.05 kwa sababu 12 inazidi 5, na mtu huyo akifika kwenye thamani ya p, ambayo hulinganishwa na kikomo, mara nyingi 0.05, anatoa hitimisho kinyume kabisa. Mwambie aongeze sifuri, 0.012 na 0.050, ataona mwenyewe. Na kalkuleta ikionyesha 3.2E−5 hiyo ni 0.000032, sio 3.2, maana uwezekano hauzidi 1 kamwe.

Maneno nayo yana hesabu ndani yake, "angalau 3" ni x ≥ 3, "zaidi ya 3" ni x > 3. Ukirusha dadu moja, uwezekano wa ya kwanza ni 4 kati ya 6, ya pili 3 kati ya 6, neno moja tu limebadilisha jibu.

Mstari wa makadirio uache mwisho, wanachochanganya ni herufi tu, walizoea y = mx + c sasa wanaona ŷ = a + bx (ŷ ni y iliyokadiriwa) na mteremko umehamia kwenye b. Kama ŷ = 35 + 4x, x ni saa za kusoma na y ni alama, mwambie aseme kwa sauti: kila saa moja ikiongezeka, alama zinakadiriwa kupanda kwa 4.

Mi naigawa hii kwa dakika 20 mwanzoni mwa kila kipindi, wiki mbili za kwanza, na siku ya kwanza natoa kwizi ya maswali nane isiyo na alama, afu naitoa ile ile tena wiki ya tatu. Kwenye hiyo ya pili naongeza swali moja, naandika fomula bila namba yoyote na mwanafunzi ananiandikia kwa maneno ataanza na nini mpaka amalize, akikwama sehemu najua kesho yake nikae naye kwenye hatua ipi.