Kufuma Bangili ya Uzi Nyumbani

Kwa bangili ya mistari ya mshazari, chagua uzi wa pamba wa kudarizia, kwa kuwa fundo lake hushika vizuri kuliko la nailoni inayoteleza. Kata nyuzi 6 za rangi 3, kila mmoja sentimita 90, uzifunge pamoja ukiacha mkia wa sentimita 10, kisha ubane fundo hilo kwa pini kwenye mto mgumu.

Shika uzi wa kwanza kushoto, uulaze juu ya wa pili ufanye umbo la tarakimu 4, upitishe ncha yake chini ya huo wa pili na kuitoa katika tundu lililobaki, kisha uvute kuelekea juu huku ukiunyoosha uzi wa pili kwa mkono mwingine. Rudia fundo hilo juu ya uzi uleule, kwani fundo moja pekee hulegea na kuvuruga rangi. Hapa ndipo wanaoanza hukosea zaidi. Endelea uzi kwa uzi hadi ule wa kwanza ufike kulia kabisa, ndipo uanze na ulio kushoto sasa.

Bangili ikikaribia kuzunguka kifundo cha mkono, suka mikia kama nywele, uifunge ikiacha nafasi ya kidole kimoja.