Chukua rula kabla ya kuchagua fremu

Mwaka juzi mama mmoja wa mtaa wa Ng'ambo alinirudishia sketi. "Fundi, hili pindo mbona limekwenda upogo?" Nikalitazama, nikaliona limenyooka. Nikavua miwani, nikalisogeza karibu na pua: kweli, limekwenda upogo. Miwani yenyewe ilikuwa na wiki tatu. Niliiagiza mtandaoni kwa simu kutoka Dar es Salaam, ikafika hapa Tabora kwa basi imefungwa kama zawadi ya harusi.

Kosa kubwa lilikuwa langu. Kwenye karatasi ya vipimo kuna sehemu imeandikwa AXIS. Yangu ni 170, mimi nikaandika 17. Sifuri moja tu! Kwa hiyo kabla ya kutazama fremu, isome karatasi yako kama unavyosoma vipimo vya suti ya bwana harusi. OD ni jicho la kulia, OS la kushoto. SPH ni nguvu ya lenzi: alama ya kutoa ni ya mtu asiyeona mbali vizuri, ya kujumlisha ni kinyume chake. Namba hizo hupanda kwa robo robo, 4.00, 4.25, 4.50, kwa hiyo ukiona umeandika 4.20 jua umekosea. CYL, nguvu ya ziada, na AXIS, mwelekeo wake kwa digrii, huenda pamoja, ni kwa jicho ambalo mviringo wake haukulingana. AXIS haizidi 180. Ukimaliza kujaza, mpe mtu mwingine akusomee karatasi kwa sauti huku wewe ukitazama simu.

Kuna namba moja ambayo mara nyingi karatasi haina: PD, umbali kati ya mboni na mboni kwa milimita. Mimi niliiacha wazi, wale wauzaji wakajaza 63 bila kuniuliza. Yangu ni 66. Omba aliyekupima macho akuandikie. Akiwa hayupo, simama mbele ya kioo, kama sentimita 20, weka rula juu ya nyusi. Fumba jicho la kulia, lenganisha sifuri na katikati ya mboni ya kushoto. Bila kusogeza kichwa wala rula, fumba la kushoto, fumbua la kulia, soma namba iliyo kwenye mboni. Rudia mara tatu. Usitumie futi ya fundi cherehani. Inalegea na kupinda, naijua vizuri.

Sasa fremu. Ndani ya mkono wa miwani utaona namba tatu. Ile miwani yangu ya kwanza ilikuwa na 56, 18, 140. Ya kwanza ni upana wa lenzi, ya pili ni nafasi ya pua, ya tatu ni urefu wa mkono. Jumlisha mbili za kwanza: 74. Toa PD yangu 66, zinabaki 8. Maana yake katikati ya kila lenzi ilibidi pasogezwe ndani, upande wa pua, milimita 4, na upande wa nje ukabaki mnene kama kitako cha chupa, kwa sababu lenzi za kutoa hunenepa pembezoni. Fremu yangu ya sasa ni 48 na 19, jumla 67. Lenzi ni ile ile ya kawaida ya plastiki, aina ya 1.50 (namba hiyo ikipanda, lenzi huwa nyembamba zaidi), na haionekani nene. Wenye SPH kubwa kuliko yangu ndio walipie 1.67. Watoto na mafundi wa kuchomelea wachague polikaboneti, haivunjiki ovyo.

Pua zetu wengi ni pana na hazikuinuka sana pale juu. Fremu ya plastiki isiyo na pedi za pua, kwa jua la Oktoba hapa Isevya, itateleza kila ukiinamia cherehani. Mimi nachukua ya chuma yenye pedi za kukunjika.

Lenzi zinazogeuka nyeusi juani nzuri, ila kukiwa na joto kali hazikolei sana, na ndani ya gari hubadilika kidogo tu kwa sababu kioo cha mbele huzuia miale inayozigeuza. Za kuzuia mwanga wa bluu wa simu wanazisifu mno. Uchambuzi wa 2023 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia tafiti za tiba, haukuona kwamba zinapunguza uchovu wa macho. Hela hiyo weka kwenye utando wa kuzuia mng'ao.

Kama karatasi yako ina ADD, yaani nguvu ya kuongeza kwa kusoma karibu, na unataka lenzi moja ya mbali na karibu, usiagize mtandaoni. Inahitaji mtu apime kimo cha mboni ukiwa umevaa fremu yenyewe.

Kabla ya kulipa uliza kama wanapokea marejesho. Lenzi iliyokatwa kwa namba zako ni kama suruali iliyokwisha kupunguzwa, wengi hawaichukui tena. Miwani ikifika, ivae, simama mbele ya mlango, tazama miimo yake. Kizunguzungu cha siku chache ni cha kawaida. Mlango ukiendelea kuinama baada ya wiki mbili, rudi na ile karatasi ukapimwe upya.