Shule wakati wa mvua: anza na njia za watoto

Huku Lindi vijijini tunafungua shule Januari mvua ikiwa imeshashika, na haituachii mpaka Aprili, mwaka mwingine hadi Mei. Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa huku, najua jicho lako litakwenda kwenye bati linalovuja. Bati lina nafasi yake, lakini anza na njia za watoto.

Kaa na kila darasa, waulize mmoja mmoja: ukitoka hapa unapita wapi, unavuka nini? Wa darasa la pili atakwambia kwao ni hapo tu, kumbe katikati kuna korongo. Kiangazi ni mchanga mtupu, lakini mvua ikinyesha huko juu linajaa hata kama hapo shuleni jua linawaka. Waandike kwa njia zao, si kwa madarasa: wa korongoni, wa bonde la mpunga, wa barabarani. Kila kundi lipe kiongozi wa darasa la sita au la saba, na uwe na namba ya mzazi mmoja anayekaa ng'ambo. Wingu likitanda, mpigie kabla ya kengele ya kutoka: maji yakoje? Akisema yamefika magotini na yanakwenda kasi, watoto hawatoki. Maji hayo yanamwangusha mtu mzima, sembuse mtoto ambaye yanamfika kiunoni.

Sasa watalala wapi? Hilo limalizeni kwenye kikao cha wazazi, mtendaji wa kijiji akiwepo. Tafuteni kaya za upande huu zitakazowapokea, na kila mzazi ajue mwanawe atakuwa kwa nani, asije akajitosa majini usiku kumfuata. Mimi hili silegezi hata mzazi akinuna.

Radi nayo ina utaratibu wake. Ngurumo ya kwanza ikisikika, mpira unasimama, wote darasani, mbali na milango na madirisha. Watoto hukimbilia chini ya mkorosho au mwembe, na mti uliosimama peke yake ndio hatari yenyewe. Wasitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Na kama kengele yenu ni rimu ya gari inayoning'inia mtini, asitumwe mtoto kwenda kuigonga. Tumia filimbi ukiwa barazani.

Likizo ya Desemba mwite fundi akaze misumari ya bati na kukagua kenchi. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani yetu, barabara ya Dar es Salaam ilikatika kule Somanga, kwa hiyo usitegemee kwamba mabati mapya yatafika kesho. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari redioni, mwalimu wa zamu aipeleke kwa wazazi siku hiyo hiyo.

Maji ya kunywa yachemshwe. Ya bati, yale ya mvua ya kwanza yamwageni, yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Asubuhi baada ya mvua kubwa, vyoo vya shimo vikaguliwe kabla mtoto hajaingia. Gonga sakafu kwa mti mrefu ukiwa mlangoni, tazama nyufa na udongo uliomomonyoka pembeni. Ukikitilia shaka choo, pigilia mbao mlangoni. Mtoto wa awali hawezi kukumbuka katazo akiwa amebanwa.