Ukija kambi ya makasia Mikindani likizo ya Juni

Vijana wengi hufika wakiuliza ratiba. Ratiba anaipanga mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri, na ikifika saa nne asubuhi yamekupwa, mashua imekalia tope. Siku hizo tunaamka saa kumi na moja, tunashuka majini mara kunapopambazuka, saa mbili tumeshavuta chombo pwani. Maji mafu, siku za mwezi nusu, yanatupa nafasi zaidi asubuhi, lakini kusi haikupi. Mwezi wa sita huo upepo huongeza nguvu kadiri jua linavyopanda, na alasiri simruhusu mtu kutoka nje ya mlango wa ghuba, hata awe amekuja na misuli yake yote kutoka Dar.

Begi lisiwe kubwa. Fulana ya mikono mirefu, kofia yenye kamba, chupa ya maji, yeboyebo za kukanyagia miamba na chaza. Kaptura isiwe na mshono mnene makalioni. Siku ya pili utajua kwa nini nimesema. Kata kucha kabla hujaja. Hereni na pete ziache kwa mama.

Kwanza tunaogelea, umevaa nguo zako na jaketi okozi. Chombo kikipinduka, shika chombo, usikimbilie nchi kavu hata ikionekana karibu. Maji yanayotoka mlangoni wakati wa kupwa yana nguvu kuliko mikono yako.

Sasa kasia. Lowesha kishwara, kitanzi cha kamba kinachoshika kasia, kabla hujaondoka; kamba kavu inalia na kuula mti. Kaa umeipa omo, mbele ya chombo, mgongo. Njia ataiona mshika usukani aliyeko shetri, yaani nyuma; wewe kazi yako ni kumsikiliza. Tandaza mikono mbele, inama kutoka kiunoni bila kupinda mgongo, ubapa wa kasia usimame wima, uuachie uzame mpaka ufunikwe, usizidi hapo. Kanyaga kizuizi cha miguu, kisha lala nyuma, na mikono iwe ya mwisho kukunjwa. Wanaume wenye vifua vipana ndio hunisumbua hapa: wanavuta kwa mikono tangu mwanzo, dakika tano tu wamechoka, wanaanza kulaumu mashua. Kutoa kasia, bonyeza mpini chini kidogo, ulaze ubapa, urudi taratibu. Kuvuta ni kwa nguvu, kurudi ni kwa kupumua.

Boti za mashindano zina kiti kinachoteleza kwenye reli, ndiyo maana huko miguu inakunjwa na kunyooka mpaka mwisho na kubeba kazi kubwa. Kwetu kiti ni ubao tu, kwa hiyo kiuno na mgongo vinafanya zaidi. Usije na video za mita 2,000 za kwenye maziwa tulivu ukataka kunisahihisha. Kama unataka ya kuota, ota makasia ya baharini: yataingia Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Mtu anakimbia mchangani, anarukia boti, anazunguka maboya, anarudi, anakimbia tena. Ndiyo maana maji yakipwa hatulali, tunakimbia ufukweni.

Chakula hakina maajabu: uji, mihogo, ugali na samaki wa siku hiyo. Zamu ya kuosha masufuria haina mtoto wa mkubwa. Maji ya kunywa ni lazima hata kukiwa na mawingu, maana upepo unakausha jasho usijue umepoteza kiasi gani.

Malengelenge yatatoka viganjani. Usiyapasue. Likipasuka lenyewe, osha kwa maji safi na sabuni, acha ngozi ya juu ifunike, funga kitambaa safi, na uniambie kabla hatujashuka asubuhi, nikupangie zamu ya usukani.